Nyumba Moja, Penu Nne

Mhadhara kwa wanafunzi wa usanifu majengo na mafundi ujenzi, Dar es Salaam



Nimekuja kuzungumzia upenu, ile sehemu ndogo ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Mafundi wengi wa mji huu hukata kenchi ili paa litokeze futi mbili, yaani sentimita 60 hivi, pande zote nne. Ukimuuliza fundi kwa nini futi mbili, atakwambia ndivyo tunavyofanya, au bati lilitosha hapo. Na siku hizi hata hizo futi mbili zinaondoka. Mteja anakuja na picha kwenye simu: nyumba ya boksi, paa limejificha nyuma ya ukuta uliopandishwa, madirisha ya vioo vya kutelezesha yanakaribia kugusa sakafu, na juu ya dirisha hakuna kitu ila rangi. Anataka hiyo hiyo, na anaitaka kabla ya Desemba.

Ninachosema mimi ni kwamba futi mbili pande zote ni hesabu iliyokosewa, na sifuri pande zote imekosewa zaidi. Jua halizipigi kuta nne za nyumba kwa namna moja, kwa hiyo hakuna sababu upenu uwe mmoja kwa kuta zote nne. Tukilielewa hilo, hesabu yenyewe ni ya darasa la sekondari.

Tuanzie juu. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, ndiyo maana jua la adhuhuri huhama mwaka mzima, likienda hadi nyuzi 23.4 kaskazini ya ikweta na kurudi hadi nyuzi 23.4 kusini yake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini. Maana yake tumekaa ndani ya njia ya jua, si pembeni mwake. Mara mbili kwa mwaka linatupita utosini: siku za mwanzo za Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Katikati ya siku hizo mbili, miezi saba na ushei, jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini. Miezi iliyobaki, isiyotimia mitano, liko kusini. Tarehe 21 Juni linafika chini kabisa kwa upande wa kaskazini, na hata hapo liko nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Tarehe 21 Desemba liko kusini, nyuzi 73. Ninaposema adhuhuri, msiangalie saa ya ukutani. Saa zetu zimewekwa kwa longitudo ya 45 na Dar iko kwenye 39, kwa hiyo jua hufika kileleni, kwa wastani, saa sita na dakika ishirini na kitu. Anayepima kivuli saa sita kamili anapima mapema.

Sasa linganisheni na vitabu tulivyosomea. Xenophon, mwanafunzi wa Socrates, ameeleza jinsi mwalimu wake alivyosifu nyumba inayoelekea kusini: wakati wa baridi jua hupenya mpaka barazani, wakati wa joto hupita juu ya paa na kuacha kivuli. Kwa Athens ni maneno ya kweli kabisa. Chukueni New York, karibu nyuzi 40.7 kaskazini. Desemba jua la adhuhuri liko nyuzi 26 tu, Juni liko nyuzi 73. Dirisha la kusini lenye upenu wa sentimita 47 hivi, ulio sentimita 30 juu ya dirisha, linapata kivuli kizima mwezi Juni. Desemba upenu ule ule hauligusi dirisha kabisa, kwa sababu kivuli chake kinashuka sentimita 23 na kuishia ukutani, juu ya fremu. Kipande kimoja cha paa kinafunga jua la joto na kufungulia jua la baridi bila mtu kunyanyua mkono. Ni kazi nzuri sana, nami sishangai kwamba kila kitabu cha usanifu kinaionyesha kwa mchoro.

Balaa ni pale mchoro huo unapotua Mbezi au Kigamboni. Nimeona ramani zilizochorwa hapa hapa zenye mshale umeandikwa kwamba jua la baridi liingie sebuleni. Baridi ipi, jamani? Wengine wamekumbuka kwamba tuko kusini ya ikweta wakageuza dirisha likaelekea kaskazini, wakadhani wameshamaliza. Lakini tatizo la mchoro ule kwetu si upande wa dira tu. Mchoro ule unajibu swali la watu wanaotafuta joto nusu ya mwaka. Swali la pwani ni jingine.

Ndugu wawili kutoka Hungaria waliohamia Marekani, Aladar na Victor Olgyay, walichapisha mwaka 1957 kitabu kizima kuhusu kivuli cha majengo, na jambo ninalowapendea ni mpangilio wa maswali yao. Kwanza uliza ni miezi gani na saa gani watu wa mahali hapo wanaona joto. Kisha uliza jua liko wapi katika saa hizo. Mwisho ndipo uchore. Sisi huanza na la mwisho.

Basi tujibu la kwanza. Pwani yetu joto linabana wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, na linaanza kunyemelea tangu Oktoba. Juni, Julai na Agosti ni kipupwe: upepo wa kusi umeshika, usiku mtu anatafuta shuka. Jibu la pili ndilo zuri. Katika miezi ile ya joto, jua la adhuhuri liko kusini kidogo au utosini kabisa. Likiwa kaskazini na chini kuliko wakati mwingine wote, ni kipupwe. Kwa hiyo dirisha la kaskazini linapigwa na jua wakati ambapo jua halina ubaya mkubwa, na dirisha la kusini linapigwa na jua lililo juu sana, ambalo hata upenu mfupi unaliweza.

Tupige hesabu ubaoni. Dirisha la kawaida: chini yake ni sentimita 90 kutoka sakafuni, lenta iko 210, na ncha ya upenu iko 240. Kutoka ncha ya upenu hadi chini ya dirisha ni sentimita 150. Ukuta wa kusini, adhuhuri ya tarehe 21 Desemba, kila sentimita moja ya upenu inashusha kivuli sentimita 3.35. Gawanyeni 150 kwa 3.35, mnapata 45. Lakini jua la adhuhuri ndilo rahisi kuliko yote. Jaribuni saa tatu kabla au baada ya adhuhuri, yaani karibu saa tatu na nusu asubuhi au saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu, na ile sentimita moja inashusha 2.18 tu. Upenu unaotakiwa unakuwa sentimita 69. Tuseme 70. Huo ndio upenu wa kusini wa Dar es Salaam kwa dirisha hili: futi mbili na inchi nne hivi. Fundi wetu hakuwa mbali.

Ukuta wa kaskazini, tarehe 21 Juni: adhuhuri sentimita moja inashusha 1.72, kwa hiyo tunahitaji 87. Saa tatu kabla au baada yake inashusha 1.27, tunahitaji 118. Hapa lazima mtu aamue, na mimi naamua hivi: toa sentimita 90 uachane nayo. Adhuhuri dirisha lote lina kivuli. Asubuhi na alasiri ya Juni jua litagusa sentimita 36 za chini ya kioo, katika mwezi ambao mama mwenye nyumba anatafuta pa kuotea jua. Wanaotaka kivuli kamili mwaka mzima, kwa mfano darasa ambalo mwanga mkali unazuia watoto kuona ubao, watoe sentimita 120. Ndipo mnapoona kwa nini swali la kwanza la akina Olgyay linatangulia: dirisha ni lile lile na jua ni lile lile, ila chumba cha kulala na darasa havidai upenu sawa.

Kuna jambo moja la kupendeza hapa, mniruhusu. Siku ambazo mchana na usiku hulingana, Machi na Septemba, ncha ya kivuli cha upenu kwenye ukuta unaotazama kaskazini haipandi wala haishuki kutoka asubuhi mpaka jioni. Jua linatembea, pembe zake zote zinabadilika, na mstari wa kivuli umebaki pale pale. Wanafunzi, lithibitisheni kwa hesabu, na ole wake atakayenijibu kwamba ni kwa sababu jua liko utosini.

Mambo mawili ya ufundi kabla hatujaenda upande mgumu. La kwanza, paa letu lina mteremko, kwa hiyo kadiri unavyotoa upenu ndivyo ncha yake inavyoshuka. Paa la nyuzi 20 linashuka sentimita 36 kwa kila mita moja unayotoa. Hiyo ni faida, kwa kuwa ncha iliyoshuka inafunika zaidi, hivyo zile 90 za kaskazini huenda zikapungua. Lakini angalieni isishuke mpaka ikafunika kichwa cha dirisha, chumba kikawa giza na hewa ya moto ikakwama chini ya paa. La pili, kivuli huteleza kando. Asubuhi jua linaingia chini ya upenu kwa ubavu. Ndiyo sababu vile vipaa vidogo vya zege vinavyomwagwa juu ya dirisha, vilivyokatwa sawa na upana wa dirisha lenyewe, hufanya kazi saa moja au mbili tu kwa siku. Vizidishe kila upande angalau nusu mita. Upenu wa paa zima hauna shida hiyo, isipokuwa kwenye pembe za nyumba.

Na upepo? Fundi mmoja aliniuliza hilo kabla hatujaingia humu. Ndiyo, upenu mrefu unanyanyuliwa na upepo, kwa sababu hewa inausukuma kutoka chini huku ikiuvuta kutoka juu. Sentimita 90 si za kuogopa, ila kenchi ifungwe kwa chuma kilichoshikana na mkanda wa zege juu ya ukuta, si kwa misumari miwili na dua. Ukipita mita moja, weka nguzo, na hapo umeshajenga baraza.

Sasa magharibi. Mtu mwenye kofia pana yuko salama saa saba mchana. Saa kumi na moja jioni kofia hiyo hiyo haimsaidii, lazima aweke kiganja usoni. Upenu nao ni hivyo. Tuchukue Machi, mwezi wa joto, dirisha lile lile lakini linatazama magharibi. Saa kumi jioni jua liko nyuzi 36 hivi, na kivuli kinashuka sentimita 0.72 kwa kila sentimita ya upenu. Ili kufunika dirisha tunahitaji upenu wa mita 2 na sentimita 8. Saa kumi na moja tunahitaji karibu mita 4. Hakuna kenchi ya kufanya hivyo, na hata ingekuwepo, robo saa baadaye jua lingepita chini yake. Mashariki ni hesabu ile ile, ila asubuhi kuta bado zina ubaridi wa usiku. Magharibi jua linakuja wakati nyumba imeshabeba joto la mchana kutwa.

Nendeni mkaone kwenye mitaa yetu mipya ya nyumba za boksi. Hamhitaji dira, tafuteni karatasi za alumini. Dirisha la chumba kikubwa cha kulala, dirisha la bei mbaya, limebandikwa kwa ndani ile karatasi inayong'aa ya kufunikia vyakula, kingo zimeshikwa kwa selotepu iliyogeuka manjano. Nyuma yake kuna pazia zito la tabaka mbili. Nyuma ya pazia kiyoyozi kinanguruma kuanzia saa kumi, na umeme wa LUKU unakwisha. Mwenye nyumba alilipia kioo kikubwa, akalipia karatasi ya kukiziba, analipia na umeme wa kurekebisha. Hata hivyo pazia haliwezi kumsaidia sana. Mwanga wa jua ukishapita kioo na kugonga pazia, unageuka kuwa joto, na joto hilo halitoki kwa kioo kwa urahisi ulioliingiza. Kivuli kina maana kikiwa nje ya kioo.

Waliotutangulia hawakuwa na tanjenti ubaoni, lakini upande huu wa jioni waliuelewa. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mjini Zanzibar mwaka 1883, limezungushiwa baraza pana ghorofa kwa ghorofa, zikishikwa na nguzo za chuma, na ukuta wenye milango umerudi ndani kabisa. Jua la alasiri linalotoka baharini linachoka barazani. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020 na inasikitisha, lakini picha zake zipo, wanafunzi wazipime. Nyumba za kawaida za Waswahili nazo zina baraza mbele, na watu huhamahama nalo: asubuhi upande huu, jioni upande ule. Baraza hizo tumezibomoa, tumeweka mlango wa kioo.

Mkinielewa mpaka hapa, mtaona kwamba dawa ya magharibi iko kwenye ramani kabla haijafika kwenye paa. Nyumba ndefu ilazwe mashariki kwa magharibi, ili kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini, ambako sentimita 70 na 90 zinatosha. Kuta fupi ziachiwe choo, stoo, ngazi, gereji, na vidirisha vidogo vya juu. Pepo zetu nazo zinakubaliana na hilo: kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini mashariki, kwa hiyo madirisha hayo hayo yanayokwepa jua ndiyo yanayopokea hewa. Sijui zawadi gani kubwa kuliko hiyo ambayo mahali panaweza kumpa msanifu.

Mtanijibu kwamba kiwanja hakikuulizwa. Ni kweli, na hapa nina malalamiko. Anayeamua jua lipige wapi katika miji yetu ni mtu anayechora mistari ya barabara na viwanja, miaka mingi kabla ya tofali la kwanza. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kinachotazama barabara upande wa magharibi kinamlazimisha mwenye nyumba aweke sebule na fahari yake yote machweoni, kwa sababu nyumba lazima itazame geti. Lazima ya nani? Mlango unaweza kutazama geti huku sebule ikitazama ubavuni. Mteja akiona mchoro atakataa mara ya kwanza. Mwambieni aje asimame kwenye kiwanja chake saa kumi jioni mwezi wa pili, bila mwavuli, halafu mzungumze.

Nimesema habari za pwani. Atakayekwenda kujenga Njombe aache namba zangu hapa mlangoni, ila njia ya hesabu aichukue. Njombe iko karibu nyuzi 9.3 kusini, na jua lake la Juni adhuhuri liko nyuzi 57, si mbali na letu. Lakini iko juu milimani, na Juni watu wanavaa makoti ndani ya nyumba. Huko jua la kaskazini la Juni ni mgeni wa kukaribishwa. Upenu wa kaskazini uwe mfupi na dirisha liwe kubwa, na sakafu iwe ya saruji au vigae ili itunze joto mpaka usiku. Hapo ndipo mchoro wa Socrates unapata kazi katika nchi hii, ukigeuzwa kusini kuwa kaskazini. Mvua ya huko nayo inadai upenu kwa ajili ya ukuta, hasa wa tofali za udongo, kwa hiyo mtapatanisha: dirisha lisogezwe chini kutoka kwenye lenta, upenu ubaki, jua lipite katikati.

Nimalizie na wale ambao nyumba zimeshasimama, maana najua nusu ya waliomo humu wana dirisha la magharibi lenye karatasi ya alumini. Paa lililojificha halizuii kuongeza kivuli baadaye. Kaskazini na kusini, fungeni vyuma ukutani juu ya dirisha, mvitandikie mbao au bati lenye mteremko wa kutosha, mkiacha upenyo wa vidole viwili kati yake na ukuta ili hewa ya moto ipande. Ni kazi ya fundi wa kuchomelea, siku moja. Magharibi, vyuma hivyo viacheni vitoke nje. Mning'inize mbele yavyo mbao za kulala zilizoinamishwa, au mjenge ukuta wa matofali ya matundu umbali wa mita moja kutoka dirishani. Mwanga utapungua, sitawadanganya. Pakeni rangi nyeupe upande wa ndani wa ukuta huo na sehemu utarudi.

Na mwenye nafasi apande mti. Mwarobaini hukua upesi na hauchagui udongo. Upandwe siku ya kuchimba msingi, siyo siku ya kuhamia, kwa maana nyumba zetu huchukua miaka kumalizika na mti utakuwa umeshafika kwenye lenta siku pazia la kwanza linaponunuliwa. Uwe mita tano au sita kutoka ukutani, na mbali zaidi na karo la choo, kwa sababu mizizi inafuata maji.